Siku moja Lisbon na mke wangu: asubuhi kaburini kwa Vasco da Gama, usiku nyimbo za fado (mie wa Malindi, yeye wa Mombasa)

#1 – Mwenye uzi

Wadau salaam. Miaka mingi humu mie ni msomaji tu, nyuzi za safari nazipenda sana hasa zile mtu anaeleza kila kitu mpaka bei ya maji, sasa leo na mie naweka yangu. Ni ndefu, chukua chai kabisa.

Mie mtu wa Malindi. Mke wangu mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, kwao ukitoka mlangoni ukapinda kushoto ukuta wa Fort Jesus ndio huo unakutazama. Tunaishi Ujerumani mwaka wa 6 huu, mie niko ghalani yeye ni muuguzi, na zamu zetu zinapishana mpaka kuna wiki tunaonana mlangoni tu, huyu aingia yule atoka, salamu na "chakula kiko jikoni" basi. Mwezi wa 5 tulitimiza miaka 10 ya ndoa. Watoto tukawaacha kwa shangazi yao, tukakata ndege ya bei rahisi ya ijumaa jioni kwenda Lisbon, Ureno, kurudi jumapili. Kwa hivo siku nzima tuliyokuwa nayo ni moja tu, jumamosi, na ndio hiyo nawasimulia.

Kwa nini Lisbon na sio Paris? Aliyekulia Malindi anaijua ile nguzo nyeupe ya Vasco da Gama, yule baharia wa Kireno, pale mwambani, yenye msalaba juu. Sisi tukitoka chuoni jioni pale ndio pahala petu, tunavua tasi, tunaogelea, watalii wanakuja kupiga picha wanaondoka. Wazee walikuwa wakituambia ule msalaba wa juu ni wa jiwe la Lisbon. Nimekaa chini ya jiwe la mtu huyu utoto wangu wote, nikataka siku moja nione kwao alikotokea, mto gani, gati gani. Nilipomwambia mke wangu akasema haya twende, lakini mie sina la kumwambia huyo mtu wako.

Ijumaa usiku tukafikia chumba cha kukodi mtaa wa Graça, juu kabisa kilimani. Mwenye nyumba ni bibi makamo ya mamangu, Kiingereza hana, sisi Kireno hatuna. Kaingia na matandiko mikononi anatuonyesha kimoja kimoja kwa vidole, hii ya kulalia hii ya kujifunika, akashika ule mfuko wa mto akasema "fronha".

Mke wangu akageuka mbio. "Kasemaje? Foronya!"

Yule bibi akamwangalia. Fronha. Foronya. Wakarudiana kama mara 4, kisha wakaanza kucheka wameshikana mikono juu ya kitanda, watu hawajajuana hata robo saa. Hapo ndio nikajua safari hii itakuwa ya namna yake.

#2

Tupo tunasubiri mkuu. Ila usisahau gharama, wengine ndio tunaanza nayo hiyo.

#3 – Mwenye uzi

Gharama zaja mwisho nakuahidi. Sasa asubuhi.

Tulinunua kadi ya usafiri inaitwa navegante, kadi yenyewe senti 50, tukatia ya saa 24 kama euro 7 kila mtu, unaingia metro, basi na tramu. Tramu namba 15 kutoka Praça da Figueira yaenda mpaka Belém, ufukwe wa mto Tejo mkono wa kushoto njia nzima. Mto wenyewe pale ni mpana kama kivuko cha Likoni mara kadhaa. Unapita chini ya daraja jekundu refu mno, magari juu yananguruma kama mzinga wa nyuki manake yanapita kwenye vyuma. Lilifunguliwa 1966 kwa jina la dikteta wao Salazar, halafu wakalibadilisha likawa 25 de Abril, siku ile ya mwaka 1974 wanajeshi walipoangusha ule utawala na watu wakawatia askari maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Mwaka uliofuata, 25 Juni 1975, Msumbiji wakapata uhuru wao. Daraja moja lina habari zote hizo, na tramu inalipita kwa dakika moja.

Pale Belém kuna monasteri ya Jerónimos, walianza kuijenga mwaka 1501 na ilichukua karibu miaka 100. Kubwa, jeupe, mawe yamechongwa kamba za meli, matumbawe, majani, kila nguzo na nakshi yake. Hela ilitoka kwenye kodi, asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga na viungo vile. Foleni ya kuingia ule ua wa ndani ilikuwa inazunguka kona kwa hivo tukaacha, kanisani ni bure na kaburi liko humo.

Unaingia tu, upande wa kushoto, chini ya dari ya kwanza. Huyo hapo. Kalala chali juu ya jiwe, mikono imekutana kifuani kama anayeomba, ubavuni kuna meli imechongwa. Upande wa kulia wamemlaza mshairi wao Camões, yeye ndiye aliyemsifu kwa tenzi ndefu, na mumo humo Malindi kaisema kwa wema sana na Mombasa kaisema vibaya.

Hiyo nilikuwa nimeisoma usiku ule nikamwambia mke wangu pale pale, kwa sauti ya chini. Akanikazia macho. "Kwa hivo nyinyi ndio wenyeji wema?"

Wadau nyote mwajua utani wa watu wa Mvita na watu wa Malindi. Aprili 1498 alitia nanga Mombasa, hawakuelewana, akapandisha kaskazini, Malindi mfalme akampokea na akampa rubani wa kumvusha, tarehe 20 Mei akawa keshafika Calicut, India. Nikamwambia mgeni alikuja mlangoni, mngefanyaje. Akasema "sisi tulimjua mapema, nyinyi mkamfungulia, na 1505 tulioungua ni sisi."

Hakuwa akitania tena. Kweli mwaka ule kundi la meli za Almeida, kamanda wa Kireno, liliitia Kilwa mkononi kisha likaichoma Mombasa. Tukasimama kimya pale, watalii wanapita na simu zao. Mie nilidhani nitakuwa na hasira au fahari, sikuwa na chochote kati ya hivyo, nilikuwa naangalia zile nyayo za mawe tu basi. Tulipotoka nikaweka kiganja ukutani nje, jiwe limeshika jua, jeupe linaloingia umanjano kidogo, lina vichembe vya makome ndani yake. Kwa mkono wangu niliyafahamu. Nilipanda mara moja kwenye ile nguzo yetu nikiwa mtoto, nikapigwa na mamangu kwa hilo.

#4

Samahani mwenye uzi lakini mie sielewi. Watu walichoma miji yetu, wakakaa Fort Jesus wakitutoza kodi, leo mwapeleka euro zenu kwao na kupiga selfi na kaburi? Kuna nchi ngapi za kutembelea.

#5 – Mwenye uzi

Ndugu yangu swali lako ni la haki na sitakujibu kwa mkato.

Selfi hatukupiga. Picha moja tu ya ile meli iliyochongwa, nimeitumia kwa babangu.

Mke wangu kwao wamelelewa na hadithi ya Fort Jesus. Ile ngome Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 mpaka wakaichukua 1698, karibu miaka 3 watu wamefungiwa ndani. Waingereza nao wakaifanya jela kutoka 1895 hadi 1958. Babu yake mke wangu aliwahi kulala humo. Kwa hivo yeye hakwenda Lisbon kuwaonea watu raha. Tulipotoka kanisani alikaa kwenye benchi akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Miaka yote wao ndio waliokuja kututazama. Leo na mie nimekuja kuwatazama." Kisha akaniomba maji.

Nami naona hivyo hivyo. Kutokwenda hakurudishi kitu. Ukienda ukaona ukubwa wa ile monasteri ndio unapata kuelewa viungo vile vilikuwa na hela kiasi gani, jambo ambalo darasani tuliambiwa kwa sentensi moja tu.

#6

Mwalimu wetu wa historia alisema neno gereza limetoka kwao, ni kanisa. Kweli?

#7 – Mwenye uzi

Kweli kabisa, igreja ni kanisa. Umenitangulia tu manake maneno ndio moyo wa uzi huu. Subiri.

Kabla ya kuondoka Belém tulikula vile vikeki vya maziwa na mayai, pastéis de nata, pale duka la Pastéis de Belém wanaoka tangu 1837. Monasteri zilipofungwa 1834 resipi ikatoka nje ikaingia dukani, hiyo ndiyo hadithi yao. Vinaletwa vimoto, ngozi yake inavunjika kama chapati ya maji iliyokauka, juu unajinyunyizia mdalasini mwenyewe. Mke wangu kala 3. Akasema vimepungukiwa iliki tu.

Mchana tukarudi mjini Baixa, hapa ndipo tulipopigwa kidogo nawaonya. Tulikaa mgahawa wa barabarani, jina naliacha. Kabla hatujaagiza mtu akaweka mezani mkate, zeituni, jibini na kopo la samaki wa kupaka. Sisi kwa mila zetu tukadhani ni ukarimu wa mwenyeji, tukala tukashukuru. Bili ilipokuja kumbe kila kimoja kina bei yake, euro 9 na ushei kwa vitu hatukuomba. Sio wizi, ni desturi ya nchi nzima inaitwa couvert, ukikirudisha bila kukigusa hulipi. Ila wangetuambia. Samaki wenyewe dorada wa kuchoma na viazi vya kuchemsha alikuwa mzuri wallahi, na juu ya meza kuna kichupa cha mafuta mekundu kimeandikwa piri-piri. Hilo lenyewe wengi wanasema ni pilipili yetu, limesafiri njia ile ile kwa kurudi nyuma.

Ule mji wa chini wote ni mpya kwa hesabu zao. Tarehe 1 Novemba 1755 asubuhi, siku ya watakatifu wote watu wamejaa makanisani, tetemeko likapiga, kisha bahari ikapanda, kisha moto. Waziri wao Pombal akaujenga upya kwa mistari iliyonyooka, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao zilizopishana kama kizimba ili nyumba icheze isianguke. Unaona tofauti mara moja, Baixa imenyooka kama daftari, ukipanda Alfama ambako tetemeko halikumaliza nyumba, unaingia Mji wa Kale. Nasema kweli. Vichochoro vya mtu mmoja na nusu, ngazi, nguo zimeanikwa juu ya kichwa, wamama madirishani wanaongea na jirani wa mbele. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto, manake Waislamu walitawala pale mpaka 1147. Mke wangu alikuwa anatembea mbele yangu kama mtu anaijua njia.

#8

Viatu gani vinafaa? Nasikia mawe yanateleza.

#9 – Mwenye uzi

Raba, dada yangu, raba yenye meno. Barabara zote ni vijiwe vyeupe vimesuguliwa na miguu ya watu miaka na miaka, ukiongeza mteremko ni kama sabuni. Mke wangu alivaa sapatu nzuri za ngozi akateleza mara 2, ya pili nilimdaka mkono. Na huko viatu vinaitwa sapatos, nikamwambia angalia hata jina wamekuachia, angalau zikushike.

Tramu ya 28 kila mtu anaitaka, ile ya njano ya zamani. Tuliiona imejaa mpaka mlangoni, na ndani wamebandika tangazo la wezi wa mifukoni. Tuliiacha. Kwa miguu ni bora, na jakaranda zilikuwa zimechanua, viwanja vizima zambarau chini na juu. Ngome ya São Jorge nayo ilikuwa euro 15 mtu, tuliitazama kwa nje, tukakaa kiwanja cha Portas do Sol bure tukaona mapaa yote mekundu yanashuka mpaka mtoni.

Sasa mambo mawili yaliyonifanya nifungue uzi.

La kwanza. Tulipita kibustani kidogo, wazee wanne wamekaa meza ya jiwe wanacheza karata, wengine wamesimama nyuma yao mikono mgongoni, kama maskani yoyote ya kwetu baada ya alasiri. Nikasimama na mie. Mzee mmoja mwenye kofia akapiga karata mezani kwa nguvu akasema kitu, nikasikia "trunfo... kopash".

Damu ilinisimama. Turufu kopa! Wadau mie nimecheza karata tangu nina miaka 9, kopa, uru, pau, shupaza, sikuwahi kujiuliza haya ni maneno gani, nilidhani ni ya karata tu. Yule mzee akitaja nyingine nami namtangulia kimoyomoyo. Copas, kopa. Ouros, uru. Paus, pau. Halafu espadas, na wao wanavyoitamka sio espada, wanameza mwanzo wanasema "shpadash". Shupaza! Ndio maana ina sh! Nilijibu kwa sauti bila kujua, wote wakageuka. Nikanyoosha kidole kwenye karata moja moja nikataja kwa Kiswahili. Yule wa kofia akavua kofia. Akaniuliza "Moçambique?" nikasema hapana, Quénia, Malindi. "Melinde!" akawaambia wenzake, "Melinde!" Wakanisogezea kiti. Nilicheza mkono mmoja nao, tulishinda mie na yeye, na mke wangu kasimama pembeni amefunika mdomo kwa leso yake anacheka.

La pili ni hiyo leso. Huyu mke wangu hasafiri bila leso mbili mkobani, upepo ukija anajifunika, mahali pa kukaa pakiwa pachafu anaitandika. Tukaingia duka dogo la vitu vya mikono, ukutani wametundika vitambaa vyeupe vya mraba vimedariziwa nyuzi za rangi, ndege, moyo, ufunguo, maua, na pembeni zote maneno. Muuzaji mama mmoja Kiingereza chake kizuri akatueleza. Vinaitwa lenços de namorados, lenço ni leso, leso za wapendanao. Kaskazini ya Ureno, Minho, msichana alikuwa akimpenda kijana anadarizi lenço na kuandika shairi la mapenzi kwa mkono wake, anampelekea. Kijana akitoka nayo hadharani basi jibu limepatikana. Na kwa kuwa wasichana wengi hawakusoma sana, maneno yameandikwa kama yanavyotamkwa, makosa tele, na mpaka leo wanaodarizi wanayaacha makosa yale vile vile.

Mke wangu alikuwa amenyamaza kabisa. Kisha akatoa leso yake mkobani akaikunjua juu ya kaunta, akamwonyesha yale maneno chini: WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. Akamweleza na yeye. Kwamba kwetu leso haivaliwi hivi hivi, ina jina, mwanamke akiwa na la kusema kwa mume, kwa jirani au kwa mke mwenza, leso inamsemea. Na kwamba wazee husema bibi zetu ndio waliochukua lenço za Wareno zilizokuja kwa gora, wakakata sita sita wakaziunga safu mbili za tatu tatu wakapata nguo nzima. Yule mama akashika pindo la leso kwa vidole viwili akarudia taratibu, lenço, leso. Alikuwa na miwani akaivua.

Nilimnunulia mke wangu moja, ndogo, euro 28. Ghali najua. Miaka 10 sijawahi kumnunulia kitu kilichomnyamazisha.

#10

Machozi jamani. Haya na usiku je? Kichwa cha uzi kimetaja usiku.

#11

Na hamnywi, sasa klabu mtaenda kufanya nini?

#12 – Mwenye uzi

Kweli hatunywi, na usiku wa Lisbon una nafasi ya asiyekunywa, usiogope.

Jua kule mwezi wa 5 linazama saa 3 kasoro usiku. Tulirudi chumbani tukaswali, tukashuka kula Mouraria, mtaa wanamozidi Wabangladeshi, Wahindi na Waafrika, halali tele. Kuna sambusa, wao wanaita chamuça, euro 1 na nusu. Karibu na hapo, mbele ya kanisa la São Domingos ndipo kijiwe cha Waafrika, Guinea-Bissau wengi, wamama wameweka kola na karanga chini kwenye kanga zao, wazee wanabishana siasa. Ukienda peke yako ukajisikia mgeni nenda pale ukae.

Saa 4 na nusu tukaingia kijumba cha fado Alfama. Ziko sehemu za watalii chakula na onyesho bei juu, sisi tuliomba bibi wa chumbani akatuelekeza kwenye fado vadio, ya watu wa mtaani, yeyote mwenye sauti anasimama. Meza 8 hazizidi. Kiwango cha chini ni euro 15 mtu, tukaagiza chai na keki. Wapigaji wawili tu, mmoja gitaa la kawaida, mwingine lile gitaa la Kireno la nyuzi 12, tumbo la mviringo, ukiliona mbali utadhani udi.

Taa zikazimwa zikabaki mishumaa. Mtu akasema silêncio. Wadau kimya kile sijakiona kwenye muziki wowote, mhudumu alikuwa katikati ya chumba na sinia akasimama pale pale mpaka wimbo ukaisha. Kaimba mzee, kaimba kijana. Halafu yule mama aliyetuletea chai, mnene, aproni kiunoni, akafuta mikono yake akasimama kati ya meza, akafumba macho, akajifunga shela nyeusi mabegani. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa saudade, ile hamu ya kitu kilichokwenda. Mke wangu alinishika mkono chini ya meza tangu beti ya kwanza. Mwisho kabisa yule mama alitupa kichwa nyuma sauti ikapanda ikakatika, watu wote wakalipuka.

Kwetu kwenye taarab ukiguswa unainuka, unakwenda na noti yako unamtunza huku unacheza. Mke wangu keshazoea hivyo kwenye harusi za Mombasa, alikuwa anasukuma kiti arudi akae, asukume akae. Nikamnong'oneza hapa hawatunzi. Akasema "sasa ninafanya nini na haya?" akionyesha kifuani. Wimbo wa tatu akawa analia tu, na meza ya jirani mzee wa Kireno naye analia, hawajuani. Na mjue waimbaji wakubwa wa fado wa leo yumo Mariza, mzaliwa wa Msumbiji, kakulia hiyo hiyo Mouraria. Hata Eusébio wa mpira, mtoto wa Msumbiji, wamemzika kwenye Panteão yao ya taifa pamoja na Amália Rodrigues malkia wa fado, hatua chache kutoka tulipokaa.

Tukatoka saa 6 na nusu. Bairro Alto tulipita tu, vijana wamejaa barabarani na glasi, kila mlango baa, kelele za furaha lakini kwa sisi wa umri huu dakika 10 zinatosha. Tukateremka Cais do Sodré, karibu na mto, kuna ukumbi B.Leza wa muziki wa Cabo Verde na Angola, bendi jukwaani kabisa. Kiingilio tulilipa euro 12 kila mmoja. Ndani kuna wazee wa miaka 70 na wasichana wa 20, wote wanacheza, anayekunywa maji hatazamwi. Wakapiga morna, ya huzuni huzuni, wakapiga funaná ile ya akodiani watu wakapagawa, halafu kizomba, ile ya kucheza wawili mmeshikana.

Mke wangu kizomba aliijua Mombasa kabla hatujaoana. Mie nilikuwa sijui na sikuwahi kumwambia aache au aendelee, maisha tu yalipita juu yake. Akanivuta. Akasema usihesabu hatua, nifuate mie. Akavua sapatu zile akazisukuma chini ya kiti, akaweka kichwa begani kwangu. Kwetu Ujerumani ana harufu ya dawa ya hospitali hata akishaoga, usiku ule alikuwa na harufu ya mdalasini na asumini. Tulicheza nyimbo kama 6. Sikumbuki mara ya mwisho kumshika muda mrefu hivyo bila mmoja wetu kutazama saa.

Metro inafungwa saa 7 usiku kwa hivo tulirudi kwa teksi ya simu, euro 8, saa 9 alfajiri mji bado uko macho.

#13

Sasa gharama mkuu, uliahidi.

#14 – Mwenye uzi

Hizi ni zetu za watu wawili, kwa siku hiyo. Usafiri 14 na kadi euro 1. Keki na kahawa asubuhi 11. Chakula cha mchana pamoja na ule mkate 46. Usiku Mouraria 22. Fado 30. B.Leza 24 na maji 5. Teksi 8. Leso 28. Chumba kilikuwa 75 kwa usiku, ongeza kodi ya mji ya watalii euro 4 kila mtu kila usiku. Ndege kila mtu alilipa 90 kwenda na kurudi ila tulikata miezi 3 mbele, mizigo ya mkononi tu.

Ukitaka kupunguza: kunywa kahawa umesimama kaunta, sio kwenye meza ya nje. Usile karibu na barabara ya Rua Augusta kule Baixa. Makanisa mengi na viwanja vya kuangalia mji ni bure, na ndio vizuri zaidi.

#15

Bibi wa foronya aliishia wapi? Umemwacha hewani.

#16 – Mwenye uzi

Ahsante kwa kunikumbusha, nisingelala.

Jumapili asubuhi alitupikia mayai, hakuwa ameahidi chakula. Mke wangu alikuwa ameikunja ile leso yake ya WAWILI WAKIPENDANA, ile ile aliyomwonyesha mama wa dukani, kaiweka juu ya mto, juu ya foronya. Mie nikamwambia hiyo ndiyo uliyopewa na mamako. Akasema najua.

Bibi alipoiona alidhani tumesahau akaja mbio ngazini nayo mkononi, "lenço, lenço!" Mke wangu akamrudishia, akamtandazia mabegani, akamfunga vizuri mbele kama wafungavyo wamama wa Kibokoni, Mombasa. Alisimama nayo mlangoni mpaka tulipopinda kona.

Juzi katuma picha kwenye simu ya mke wangu. Ni sebule yake, jua linaingia dirishani, leso imetandikwa katikati na chungu cha maua juu yake, maandishi yanasomeka vizuri. Chini kaandika maneno matatu, lenço na mesa. Mke wangu alinisomea huku anavaa sare ya zamu, hakuna aliyemtafsiria.